Pamba, Maji na Njia ya Baharini: Habari za Uzbekistani kwa Wanaushirika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa halmashauri za vyama wanachama. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya nchi ambayo wengi wetu hatujaifikia na pengine hatutaifikia. Nchi hiyo ni Uzbekistani, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti na kujitangazia uhuru tarehe 31 Agosti, 1991. Yupo atakayeuliza: habari za huko zatuhusu nini sisi wakulima wa Kanda ya Ziwa? Jibu langu ni fupi. Wao ni wakulima wa pamba kama sisi. Wamekuwa na vyama, mizani na madaftari kama sisi. Nao walikuwa na ziwa.

Mahali ilipo

Uzbekistani iko katikati ya bara la Asia. Eneo lake ni kilometa za mraba 447,000 hivi, yaani pungufu kidogo ya nusu ya Tanzania. Wakati wa uhuru ilikuwa na watu wapatao milioni 21. Leo wamezidi milioni 36. Waislamu wa hapa kwetu wanalijua jina la mji wake mmoja hata bila ya kujua kwamba wanalijua, kwa maana Imamu Bukhari, mkusanyaji wa Hadithi, alizaliwa Bukhara, na kaburi lake liko karibu na Samarkand.

Sehemu kubwa ya nchi ni jangwa, na jangwa lililo kubwa zaidi huitwa Kyzylkum. Watu wamejazana mahali penye maji: bonde la Fergana upande wa mashariki, na kandokando ya mito ya Amu Darya, Syr Darya na Zarafshan. Mito hii hupata maji yake kutokana na theluji na barafu za milima mirefu, na milima hiyo kwa sehemu kubwa iko katika nchi jirani za Tajikistani na Kirigizia. Kwa hiyo mkulima wa Uzbekistani hunywesha shamba lake kwa maji yanayotoka kwa jirani.

Jambo la pili la kukumbuka ni bahari. Nchi isiyo na pwani tunazijua: Uganda, Rwanda, Burundi. Lakini Uganda ikivuka mpaka mmoja, iwe Kenya au Tanzania, imefika bandarini. Uzbekistani imezungukwa na nchi tano, na zote tano hazina pwani ya bahari kuu. Mzigo wake lazima uvuke mipaka miwili au zaidi ndipo uione meli. Duniani kote ni nchi mbili tu zilizo katika hali hiyo. Ya pili ni nchi ndogo ya Liechtenstein huko Ulaya.

Pamba chini ya mpango wa Moscow

Reli ilifika Samarkand mwaka 1888 na Tashkent, mji mkuu wa leo, mwaka 1898. Mwaka 1906 ikakamilika njia ya kutoka Orenburg hadi Tashkent. Reli hizo zilijengwa na dola ya Urusi, na kazi yake kubwa ikawa kupeleka pamba kaskazini kwenye viwanda vya nguo na kuleta nafaka kusini. Walipokuja Wakomunisti mpango haukubadilika, ulizidishwa. Pamba ya Uzbekistani iliendelea kusokotwa Ivanovo na miji mingine ya Urusi, na Uzbekistani yenyewe ikabaki na viwanda vichache vya nguo. Mwishoni mwa utawala wa Kisovieti nchi hiyo ilikuwa ikitoa kiasi cha theluthi mbili ya pamba yote ya Umoja huo, katika hekta zinazokaribia milioni 2.

Wakulima waliwekwa katika mashamba ya pamoja yaliyoitwa kolkhozi. Kwa karatasi, kolkhozi ilikuwa chama cha ushirika chenye mwenyekiti, halmashauri na mkutano mkuu. Lakini mwenyekiti aliletwa na wakubwa wa chama tawala, mkutano ulipiga kura kwa jina lake, na kiasi cha pamba cha kutoa kiliamriwa Moscow.

Hapa ndipo nawaomba Ndugu Makatibu mnisikilize kwa makini. Katika miaka ya 1970 malengo yalipandishwa mwaka hata mwaka, hadi ikatajwa tani milioni 6 za pamba mbegu. Ardhi ilichoka na maji yalipungua, lakini hakuna aliyethubutu kusema haiwezekani. Basi wakaanza kuandika. Kolkhozi iliandika tani ambazo hazikulimwa; mpokeaji wa kiwanda cha kuchambulia pamba alipewa chochote akatia sahihi; wakubwa wa wilaya wakajumlisha, wakubwa wa jamhuri wakajumlisha tena, na hazina ya Moscow ikalipia pamba isiyokuwepo. Pengo liliposhindikana kufichwa liliitwa takataka, unyevu au upungufu wa njiani. Upelelezi ulianza kwa nguvu mwaka 1983, mwaka aliofariki Sharof Rashidov, aliyekuwa kiongozi wa chama katika jamhuri hiyo tangu 1959. Maelfu walifukuzwa kazi au kufungwa, na hata mkwe wa Brezhnev alihukumiwa mwaka 1988.

Tusiseme kwamba jambo hili lilitokana na tabia ya watu wa huko. Lilitokana na chama ambacho wanachama wake hawakuwa na haki ya kufungua daftari. Mkulima alijua ni magunia mangapi yametoka shambani mwake. Laiti angeruhusiwa kusimama mkutanoni akaulize hesabu, wizi huo usingevuka msimu mmoja.

Ziwa lililokauka

Mwaka 1960 Bahari ya Aral, ambayo kwa hakika ni ziwa, ilikuwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000. Ziwa Viktoria, ambalo wengi wetu tunaliona kutoka mlangoni, lina kilometa za mraba zipatazo 68,800. Kwa ukubwa yalikuwa ndugu. Mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, ndiyo iliyolilisha Aral.

Mito hiyo ilichepushwa kwenda kwenye pamba. Mifereji ilichimbwa mamia ya kilometa jangwani, mingi bila kusakafiwa, na maji mengi yakanywewa na mchanga kabla ya kufika shambani. Mwaka 1987 ziwa liligawanyika vipande viwili. Kufikia mwaka 2007 lilikuwa limebaki kama sehemu moja ya kumi ya eneo la zamani, na mwaka 2014 upande wa mashariki wa kipande cha kusini ulikauka kabisa. Mji wa Moynaq, uliokuwa na bandari ya wavuvi na kiwanda cha kusindika samaki, leo uko zaidi ya kilometa mia moja kutoka majini, na meli zake zimelala mchangani zikiota kutu. Upepo hupeperusha vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za pamba, likaangukia mashamba na vifua vya watu wa Karakalpakstan.

Ardhi nayo ililipiza. Maji ya umwagiliaji yasipopata pa kutokea hupandisha chumvi ya chini ikafika juu. Kwa hiyo kila majira ya baridi wakulima wengi hulazimika kufurika mashamba maji ili kuiosha chumvi kabla ya kupanda. Maji yaliyoleta madhara yanahitajika tena kuyaondoa.

Kuna habari moja ya kutia moyo. Upande wa kaskazini, katika Kazakstani, ukuta wa Kok-Aral ulikamilika mwaka 2005, maji yakapanda na samaki wakarudi. Upande wa Uzbekistani wanapanda miti ya jangwani kwenye mamia ya maelfu ya hekta za sakafu ya ziwa ili kuzuia vumbi. Miti hiyo inafaa, lakini hairudishi ziwa.

Uhuru na mipaka mipya

Uhuru ulipokuja, mambo yaliyokuwa ya nyumba moja yakawa ya nchi mbalimbali. Zamani Kirigizia ilifungulia maji ya bwawa la Toktogul wakati wa kiangazi ili pamba ya majirani ipate kunywa, na wakati wa baridi ililetewa makaa na gesi. Baada ya 1991 gesi ikawa ya kununuliwa kwa fedha. Kirigizia ikaanza kufungulia maji wakati wa baridi ili kuzalisha umeme, na majira ya kiangazi yakapungua. Nchi za eneo hilo zilitia sahihi mapatano ya maji mwaka 1992, lakini ubishi uliendelea kwa miaka mingi.

Reli nayo ilikatwa na mipaka. Treni ya kutoka Tashkent kwenda bonde la Fergana ilipita ndani ya Tajikistani. Ndipo ikajengwa njia mpya ya Angren hadi Pap, pamoja na handaki la kilometa 19 chini ya mlima wa Kamchik, iliyofunguliwa mwaka 2016. Kwa upande wa kusini, reli ya kutoka Turkmenistani hadi Iran iliyofunguliwa mwaka 1996 ilitoa njia ya kufikia bandari ya Bandar Abbas. Sasa kuna kazi ya reli kutoka China kupitia Kirigizia. Nchi hiyo ina dhahabu nyingi, nayo machimbo ya Muruntau ni miongoni mwa makubwa duniani. Dhahabu husafirishwa kwa ndege. Kwa mzigo wa bei ndogo na uzito mkubwa kama pamba, nauli ni sehemu ya bei, na mkulima ndiye anayeilipa.

Jina la ushirika bila ushirika

Mashamba ya pamoja yalipovunjwa, sheria ya mwaka 1998 iliunda vyama vipya vilivyoitwa shirkat. Neno hilo latokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi neno ushirika. Lakini jina halikubadili kazi. Ardhi ilibaki ya serikali, kiasi cha pamba kikaendelea kuamriwa, na bei ikapangwa na serikali chini ya bei ya dunia. Fedha za mauzo zilikaa benki, na kuzitoa taslimu kulihitaji ruhusa. Kufikia mwaka 2007 hivi karibu shirkat zote zilikuwa zimevunjwa na ardhi kukodishwa kwa wakulima binafsi. Mwaka 2008 na 2009 mashamba yakaunganishwa tena kwa amri, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza mikataba yao.

Wakati wa mavuno wanafunzi, walimu na wauguzi walipelekwa shambani kwa lazima. Wazbeki wana desturi njema ya kusaidiana kazi iitwayo hashar, kama ujima wetu. Serikali ililitumia jina hilo kupamba amri. Wanunuzi wengi wa nguo duniani waliikataa pamba hiyo, na Shirika la Kazi Duniani lilianza ukaguzi mwaka 2013. Rais Islam Karimov alifariki mwaka 2016. Mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, alianza kubadili mambo. Agizo la kiasi cha pamba lilifutwa mwaka 2020, na Shirika la Kazi likathibitisha kwamba katika msimu wa 2021 utaratibu wa kuwalazimisha watu umekoma. Kususia kukaondolewa Machi 2022.

Badala ya agizo yamekuja makampuni ya nguo. Kampuni hupewa eneo, hukopesha mbegu, mbolea na mafuta, kisha hununua pamba. Faida ipo: pamba sasa inasokotwa nyumbani. Lakini malalamiko yamesikika ya wakulima wasio na mnunuzi mwingine na wanaocheleweshewa malipo. Kwa sababu hiyo baadhi yao wamejaribu kuunda vyama vyao wenyewe. Baada ya miaka mia wamerudi mahali tulipoanzia sisi: wakulima wachache, mizani moja, na kitabu kimoja cha hesabu.

Ndugu Wanachama, sisi nasi tunajua ladha ya amri. Vyama vyetu vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na leo, katika vyama kadhaa vilivyowakilishwa hapa, yupo mfanyabiashara aliyekuja na karatasi: atakopesha pembejeo, naye peke yake ndiye atakayenunua. Simwiti adui. Nasema tu kwamba karatasi ile isitiwe sahihi na katibu na mwenyekiti usiku ofisini. Isomwe mkutanoni, sharti kwa sharti. Iulizwe nani atapanga bei, lini atalipa, na mwanachama akitaka kutoka atatokaje. Nimewapitisha Uzbekistani ili tuone gharama ya kutouliza.



Maswali ya kujadiliwa katika vyama

1. Je, mwanachama wetu aweza kuona daftari la mizani siku yoyote aitakayo? Kama hawezi, ni nani anayemzuia?

2. Pembejeo za mkopo zilizoletwa msimu uliopita ziliandikwa kwa bei gani, na dukani ziliuzwa kwa bei gani?

3. Kutoka ghala letu hadi bandarini, nauli inachukua sehemu gani ya bei ya kilo moja ya pamba?

4. Tukichimba mifereji ya kumwagilia, maji yatatoka wapi, yatapotelea wapi, na ni nani aliye chini yetu atakayeyakosa?