KATA BUA, ACHA MZIZI
Mazungumzo juu ya kupanda na kutunza mafunjo, yaliyotolewa na mhamasishaji wa jamii kwa wakaaji wa kambi ya Mahama



Mimi ni mtoto wenu, niliyelelewa kambini Gihembe kabla ya kuhamia hapa. Leo sikuja na habari za mgao wala za kadi. Nimekuja na habari za mafunjo, ambayo Wanyarwanda huyaita urufunzo.

Nilipata nafasi ya kutembelea bonde la Nyandungu mjini Kigali, lililo katika wilaya za Kicukiro na Gasabo. Bonde hilo lilikuwa limeharibika. Lilirekebishwa, likafunguliwa kwa wageni mwezi wa Julai 2022, na eneo lake ni hekta 121. Niliona mafunjo yamesimama tena na ndege wamerudi. Kule Gikondo, pia katika Kicukiro, viwanda viliondolewa bondeni ili maji yapate njia yake.

Mtu atauliza: Kicukiro inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Maji ya mabonde ya Kigali hushuka Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera hupita hapa kwetu. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na mizizi ikanyonya sehemu ya uchafu. Lakini tusidanganyike: maji yaliyopita kwenye mafunjo si ya kunywa. Tuendelee kunywa maji ya bomba.

Sisi tuliotoka Gihembe tuliona makorongo yakisogelea nyumba, hata kambi ikafungwa mwaka 2021. Mteremkoni dawa ni majani yanayoshika udongo, kama mabingobingo. Kazi ya mafunjo ni huko chini, penye maji. Hapa kambini mahali pake ni mwisho wa mitaro, tope linapokusanyika.

Namna ya kupanda ni hii:

Kwanza, chimba kipande cha mzizi mnene unaolala matopeni, chenye mabua mawili au matatu. Fupisha mabua hayo.

Pili, panda mwanzoni mwa mvua, kwenye tope au maji ya kina kifupi. Laza mzizi, uufunike kidogo tu. Acha nafasi ya kama mita moja kati ya mche na mche.

Tatu, usipande ndani ya mtaro wenyewe. Utaziba, na maji yatarudi nyumbani kwa jirani.

Nne, zuia mbuzi, maana hupenda machipukizi. Tope lisikauke mpaka miche ishike.

Mama mmoja msuka mikeka aliniuliza: "Mwanangu, nikiyaacha mafunjo, watoto watakula nini?" Nilimjibu: "Mama, sikukatazi kukata. Nakuomba usiue." Mafunjo huchipua kutoka kwenye mzizi. Kata mabua yaliyokomaa kwa panga, acha machanga. Mwaka huu kata upande mmoja, mwaka ujao upande wa pili. Ukikata yote kila miezi michache, mzizi huchoka. Ukiung'oa au ukiuchoma wakati wa kiangazi, umemaliza, na mikeka ya mwakani umeshaipoteza.

Wengine wanaogopa mbu. Hofu hiyo ina maana, kwa sababu maji yaliyotuama huzaa mbu. Lakini kule Kabale, Uganda, uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi na, kwa wastani, mbu wa malaria wengi zaidi kuliko vijiji vilivyo kando ya mafunjo. Kwa hiyo tufukie madimbwi yaliyo wazi, tuondoe makopo, na tulale ndani ya chandarua. Kufyeka mafunjo hakutatuponya malaria.

Jambo la mwisho. Mabonde na kando za mto si zetu. Asiende mtu kupanda, kulima wala kukata huko bila ruhusa, tusije tukagombana na majirani waliotupokea. Tena mtoni mna mamba na viboko, watoto wasitumwe. Anayetaka kupanda mwishoni mwa mtaro amwone kwanza kiongozi wa kijiji chake, ili mahali pachaguliwe pamoja.

Walio juu yetu huko Kicukiro wameanza kutunza maji yanayotufikia. Na chini yetu wako watu pia, wanaongoja maji yatakayotoka kwetu.