Hadithi za Picha za Safari za Angani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chunya)



Katika mkutano uliopita lilisomwa shauri la kwamba jarida letu litenge nusu ya ukurasa kwa hadithi ya picha, itakayotoka kipande kwa kipande katika kila toleo, nayo iwe habari ya watu wa Chunya waliosafiri kwenda mwezini. Mnakumbuka kelele zilizotokea. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na mzee mmoja tunayemheshimu sote alisimama akatuonya kwa mithali: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Shauri likaahirishwa, nami nikaamriwa kulichunguza na kuleta maelezo. Kabla sijaanza yanipasa kukiri ya kuwa siku ile mimi nalikuwa miongoni mwa waliopinga, tena kwa sauti kubwa. Sababu yangu nitaieleza mwishoni, maana hainipi sifa.

Kwanza yafaa tujue hadithi hizi ni kitu gani. Magazeti ya kila siku ya Uingereza yana desturi ya tangu zamani ya kuchapa safu ya picha tatu au nne, zenye maneno machache ya wasemaji yaliyoandikwa ndani yake. Leo hadithi huanza, kesho huendelea, na keshokutwa vivyo hivyo, hata hadithi moja huweza kudumu miezi. Nyingine ni za kuchekesha, nyingine ni za wapelelezi. Lakini ziko zilizojengwa juu ya elimu ya sayansi, nazo huuliza hivi: Ikiwa mtu ameweza kuunda ndege, je, hataweza kuunda chombo cha kumfikisha kwenye nyota? Na akifika huko, atamkuta nani?

Mimi nalizijua nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni. Katika chumba cha vitabu palikuwa na kasha la magazeti ya kale ya Kiingereza, ambayo hayakuwa na kazi tena ila kufungia vitu. Tulipewa ruhusa kuyasoma ili Kiingereza chetu kipate nguvu. Humo twaliona picha za Jeff Hawke, rubani wa Kiingereza aliyekutana na viumbe wa sayari nyingine, zilizokuwa zikitoka katika gazeti la Daily Express tangu mwaka wa 1955 hata mwaka wa 1974. Tukayapanga magazeti kwa tarehe zake. Palipokosekana siku moja, maana panya au mpishi alikwisha kulichukua gazeti lake, tulikaa jioni tukibishana juu ya yale yaliyotokea siku ile, kila mmoja akitunga kipande chake. Nasema kweli, vipande vilivyopotea vilinifundisha zaidi kuliko vilivyokuwapo, maana vilitulazimu kufikiri.

Sasa nitazijibu hoja tatu zilizotolewa katika mkutano, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya Bwana Mtunza Hazina, kwamba karatasi na wino ni ghali, na stensili zetu hazitoshi hata kwa habari za lazima. Hoja hii si ya kudharau. Lakini tazameni walivyofanya wenzetu wakati wa dhiki kubwa kuliko yetu. Tarehe 24 Julai 1943, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, gazeti la Daily Mirror la London lilianza kuchapa hadithi ya picha ya Garth, mtu mwenye nguvu nyingi aliyeokotwa baharini karibu na visiwa vya Shetland, asiyejua ametoka wapi, ambaye baadaye alisafiri katika nyakati za kale na katika nyota. Mchoraji wake alikuwa Steve Dowling. Wakati ule karatasi za magazeti zilikuwa zikigawanywa kwa kipimo huko Uingereza, na magazeti yalikuwa membamba mno. Wahariri wangeweza kusema, "Huu si wakati wa michezo." Hawakusema hivyo. Waliona ya kuwa mtu aliyechoshwa na habari za vita ahitaji kitu kidogo cha kumfanya alitazamie gazeti la kesho. Garth akaendelea kuchapwa hata mwezi wa Machi 1997, zaidi ya miaka 53. Haba na haba hujaza kibaba.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba hadithi hizi ni uwongo mtupu, wala haifai watumishi wa Serikali, ambao kazi yao ni kuandika yaliyo kweli, kuchapa mambo yasiyokuwapo. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Mwanzilishi wa Jeff Hawke, Bwana Sydney Jordan, mtu wa Dundee huko Scotland, alikuwa amesomea mambo ya ndege. Katika picha zake za mwaka wa 1959 ilionekana tarehe ya mtu wa kwanza kutua mwezini, nayo ilikuwa 4 Agosti 1969. Mwaka ule wa 1959 hapakuwa na binadamu yeyote aliyekwisha kwenda angani. Yuri Gagarin alikwenda tarehe 12 Aprili 1961. Nanyi mwajua ya kuwa Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Mchoraji alikosea kwa siku 15 tu!

Sisemi ya kuwa Bwana Jordan alikuwa mwaguzi. Tarehe yenyewe ilikuwa bahati. Lakini kufikiri ya kwamba jambo lile litatimia katika muda wa miaka kumi hakukuwa bahati. Kulitokana na kujua roketi zimefikia wapi na kupima zitafika wapi. Sisi makarani twafanya kazi ya namna hiyo kila mwaka tunapoandika makadirio ya fedha. Makadirio si kweli bado, wala si uwongo. Ni fikira iliyopimwa. Hadithi njema ya sayansi ni makadirio yaliyotiwa picha.

Hoja ya tatu ilikuwa ile ya mzee wetu, kwamba mambo haya ni ya Wazungu, ni msala upitao. Mzee wangu, kwa heshima yako, naomba kuuliza: mbachao wetu ni upi? Bibi zetu walipotuhadithia habari za Sungura na Fisi, je, hawakutueleza wanyama wenye kusema, jambo lisilokuwapo? Na usingizi ulipotushika hawakukatiza mahali pazuri, wakasema, "Yaliyobaki kesho"? Waingereza hawakutuletea desturi hii. Wao waliichora tu magazetini. Tena hata kuchora tumekwisha kuchora. Bwana Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika Taifa Leo, na hapa kwetu Bwana Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Watu wengi walilifungua gazeti wakamtafuta Chakubanga kwanza, ndipo wakasoma hotuba za wakubwa.

Lakini hawa hawakwenda angani. Je, anga ni ya Wazungu? Hebu tutazame karibu. Kule Mbozi, ng'ambo ya Mbeya, kimelala kimondo cha chuma kilichoanguka kutoka juu, chenye uzito wa tani 16 hivi, ambacho habari zake ziliwafikia wataalamu mwaka wa 1930. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Unguja kilikuwa katika vituo vya Wamarekani vilivyosikiliza chombo chake. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mbingu imekwisha kushuka Mbozi, na neno letu limekwisha kupanda mbinguni. Kilichobaki ni sisi wenyewe kuisimulia safari hiyo.

Tena kila asimuliaye safari ya nyota hubeba kijiji chake mfukoni. Mwaka wa 1950 gazeti jipya la vijana wa Uingereza liitwalo Eagle, ambalo mhariri wake alikuwa kasisi, Marcus Morris, lilianza hadithi ya Dan Dare iliyochorwa na Frank Hampson. Safari ya kwanza ya Dan Dare ilikuwa kwenda Zuhura. Kwa nini? Kwa sababu watu wa dunia walipungukiwa na chakula. Nao Waingereza wa mwaka ule walikuwa bado wakipewa vyakula kadhaa kwa kipimo. Shida ya jikoni kwao ndiyo iliyokirusha chombo kile.

Basi mtoto wa Chunya atabeba nini? Hapa nafika kwenye ungamo langu.

Katika ofisi ninayofanya kazi yuko kijana mmoja tarishi. Siku moja, saa ya chakula, nalimkuta akichora nyuma ya fomu zilizoharibika. Nikaichukua karatasi nikaitazama. Watu walikuwa wametua mwezini na masururu na makarai ya kuoshea dhahabu, kama wale waliokuja huku miaka ya 1930 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Wamebeba madumu ya maji, maana wamesikia ya kuwa huko hakuna mto. Lakini kabla hawajapiga sururu hata mara moja, wamekuta meza, na nyuma ya meza ameketi karani mwenye kalamu sikioni, kichwa kimeinama upande. Anawaambia, "Kibali chenu kiko wapi? Rudini kesho."

Mabwana, kichwa kile kilikuwa changu. Niliichana karatasi nikamwambia kijana kwamba anaharibu mali ya ofisi. Zile zilikuwa fomu za kutupwa. Yeye alijibu, "Ndiyo, Bwana," akainama akaokota vipande. Baada ya majuma mawili mwanachama mwenzetu akaleta shauri kwa niaba yake, nami nikasimama nikalipinga kwa ajili ya heshima ya Chama. Haikuwa heshima ya Chama. Ilikuwa uso wangu.

Siku chache baadaye alikuja mezani pangu mzee mmoja kutoka kijijini, aliyetembea tangu alfajiri kufuata karatasi yake. Ilikuwa mara yake ya nne. Nikafungua kinywa nikamwambia, "Rudi kesho." Nalisikia maneno yale yakitoka kama kwamba yamesemwa na yule wa mwezini. Nikamwita yule mzee kabla hajafika mlangoni, nikatafuta jalada lake. Ilinichukua muda usiozidi robo saa.

Zamani shuleni nalicheka sana katika Jeff Hawke, maana mtungaji wake, Willie Patterson, aliwapa viumbe wa angani vyeo na ofisi. Yuko mkubwa mwenye kutawala nyota nyingi, na chini yake yuko mtumishi aitwaye Kolvorok, ambaye huharibu mambo kwa bidii. Waingereza walikuwa wakiwacheka watumishi wao wenyewe, wakajifanya ya kuwa ni watu wa mbali. Nalimcheka Kolvorok kwa sababu alikuwa mgeni. Kijana huyu alinichorea Kolvorok wa Chunya, nami sikuweza kucheka.

Nalikwenda kumtaka radhi. Alikuwa ameviunganisha vipande kwa gundi, lakini kimoja kilikosekana, nacho ndicho chenye uso wa karani. Nikamwuliza kama ataweza kukijaza. Akasema, "Bwana akipenda, nitamchora mwingine asiyefanana na mtu." Nikamwambia, "Mchore yule yule."

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naliondoa neno langu la kupinga, na naomba mkutano ukubali mambo manne. Mosi, nusu ya ukurasa itengwe kwa muda wa matoleo sita, kisha tupime. Pili, picha ziwe tatu tu kila toleo, zenye mistari miepesi, ili kalamu ya chuma isiipasue stensili. Tatu, gharama ya stensili za matoleo hayo sita nitaitoa mimi, ili Bwana Mtunza Hazina asihuzunike. Nne, mhariri asiruhusu kumtaja mtu kwa jina, lakini asimfute karani kwa sababu anafanana na mmoja wetu. Atakayejiona, na ajirekebishe.

Jarida letu kila mwezi hutueleza nani amehamishwa na nani amepandishwa cheo. Hayo ni mema, wala sisemi yapunguzwe. Lakini watoto wetu huliokota tunapokwisha kulisoma, hawakuti humo neno lao. Wakikuta hadithi ya picha wataliuliza toleo lijalo, na wakikosa toleo moja watakaa jioni wakibishana ni nini kilichotokea, kama tulivyofanya sisi juu ya kasha la magazeti yaliyoliwa na panya. Hapo ndipo watakapoanza kufikiri.

Nimekoma hapa. Sasa naliacha shauri mikononi mwenu.