Chupa Zilizovunjika na Zege la Madarasa



Saruji ni ghali, nazo chupa zilizovunjika zimezagaa nyuma ya maduka na vilabu. Si ajabu kamati ya ujenzi wa shule ikashawishika kuziponda na kuzitia katika zege badala ya kokoto. Hatari iko hapo.

Asilimia 70 hivi ya kioo cha chupa ni silika. Mwaka 1940 Thomas Stanton wa California, Marekani, alieleza jinsi silika ya namna fulani inavyoathiriana na alkali ya saruji: hutokea ute unaofyonza maji, ukavimba, na zege likapasuka. Nyufa huja baada ya miaka, mafundi wamekwisha ondoka.

Lakini kioo hichohicho kikisagwa kikawa laini kama saruji yenyewe, hushikamana na chokaa iliyomo katika zege na kuliongezea nguvu, ingawa polepole.

Basi, pasipo kinu cha kusagia na maabara ya kupimia, nguzo na mikanda ya darasa isitiwe chupa. Majaribio yaanzie katika matofali ya njia za miguu, si juu ya vichwa vya watoto.