Juu ya Barabara Yetu



Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliipanua barabara toka Sakina hata Tengeru, kilometa 14, ikawa njia nne. Kazi njema, twashukuru. Lakini mradi ule ulikoma Tengeru, nasi wa Makumira tuko mbele kidogo. Motokaa iliyozoea upana yatujia kwa mwendo ule ule. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 yaamuru kilometa 50 kwa saa penye makazi. Mwendo ukizidi maradufu, breki zahitaji masafa mara nne, hata zikiwa mpya. Basi fedha nyingine zijapo, tusiombe lami tu. Wengi wetu, tuseme kweli, hatuna motokaa: tuombe kwanza njia ya waendao kwa miguu.