Saa ya Mvua, Saa ya Lori

Msimu wa masika, utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huziweka kaunti za Kericho na Bomet kundi moja na Bonde la Ziwa Viktoria: asubuhi jua, alasiri radi. Mkulima wa chai atauliza, utabiri huo unanifaa nini ikiwa mvua ya mawe hupiga shamba langu na kuliacha la jirani? Ana hoja. Lakini, msikilizaji, zingatia saa. Mchana upepo mnyevu wa ziwani hupanda nyanda za juu na kujenga mawingu; basi saa hutabirika kuliko mahali. Anayechuma mapema huokoa kilo zake. Tatizo, majani yakingoja lori hadi jioni huharibika. Je, viwanda vitapanga malori kwa kufuata utabiri?