Homa Inayorudi Mara ya Pili

 

Leo tutazungumza habari za homa ya mafua, yaani influenza. Wengi huiona ni ugonjwa mdogo, na kweli wengi hupona kwa juma moja au mawili. Lakini mwaka 1918 ilizunguka dunia nzima, ikafika hata Afrika ya Mashariki. Inakisiwa ya kuwa iliua watu milioni 50. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walichunguza tena vipande vya mapafu ya askari waliokufa wakati ule. Wakaona ya kuwa wengi hawakuuawa na mafua peke yake, bali na kichomi kilichofuata.

Je, kichomi hicho hutoka wapi? Ndani ya njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kama ya ufagio: husukuma uchafu utoke nje. Virusi vya mafua huharibu ufagio huo. Basi bakteria, ambao wengine hukaa puani na kooni mwetu bila kutudhuru, hupata nafasi ya kushuka mapafuni.

Kwa hiyo jihadhari na mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha homa ikapanda tena. Usiseme, "Ni mafua tu." Mtazame. Je, anapumua kwa shida, au upesi upesi? Kifua chamchoma? Makohozi yana damu au rangi ya kutu? Amechanganyikiwa? Kama ni mtoto, je, mbavu zake huingia ndani avutapo pumzi? Dalili moja tu yatosha. Mpeleke hospitali siku ile ile, usingoje kesho.

Na dawa je? Penisilini, aliyoivumbua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na nyingine za namna yake, huua bakteria. Haziui virusi. Basi usizinunue dukani kwa kila mafua. Daktari ndiye apime na kuamua. Nao watoto wachanga wapelekwe kliniki wapate chanjo zao, kwani mojawapo huzuia kichomi.

Haya, yajibuni haya darasani:
1. Mafua huharibu nini katika njia ya pumzi?
2. Kwa nini penisilini haiponyi mafua?
3. Homa ikirudi, utatazama nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.