Kifurushi Kinachoishia Kituo cha Mafuta

Katika mji wa Ibra, makao makuu ya Mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman, wapo wazee ambao Kiswahili ndiyo lugha waliyokulia. Wengi walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Wengine waliitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya mwaka 1970. Wajukuu zao leo hununua nguo na vipuri kwa simu ya mkononi, kutoka maduka ya Dubai na China, bila ya kunyanyuka kitini. Mashaka huanza mzigo unapofika Maskati, kiasi cha kilomita 170 kutoka hapo.

Oman haikuwa nchi ya tarishi wa kugonga mlango. Ofisi ya posta ilifunguliwa Maskati mwaka 1864, chini ya posta ya India ya Waingereza, na Usultani ukaichukua huduma hiyo mwaka 1966. Barua zilizoea kuishia kwenye sanduku: mtu wa Nizwa huandika nambari ya sanduku lake na 611, mtu wa Sur 411, basi. Nyumba za vijijini hazikuhitaji nambari, maana kila mtu alijua mlango wa nani uko wapi.

Ujuzi huo dereva wa vifurushi hanao. Mara nyingi si mwenyeji wa kijiji, na katika huduma za bei nafuu aghalabu hulipwa kwa kila kifurushi anachokikabidhi. Duka linapotangaza kwamba mnunuzi atapelekewa mzigo bure, huwa limetafuta kampuni inayotoza kidogo kabisa, na kampuni hiyo nayo humbana dereva katika petroli na muda. Kijiji kilicho ng'ambo ya bonde, ambalo mvua ikinyesha halipitiki, kinaweza kumla asubuhi nzima kwa mzigo mmoja.

Kwa hiyo hupiga simu. Bibi akipokea, dereva huomba alama ya ramani kwa WhatsApp. Bibi humwelekeza kwa msikiti, mtende na ukuta wa udongo. Kiarabu cha bibi ni cha ukubwani. Simu hukatika, na kwenye kumbukumbu za kampuni huandikwa: mpokeaji hakupatikana. Hayo huandikiwa mtu ambaye hajatoka nyumbani tangu alfajiri!

Au mpokeaji huitwa akakutane na dereva kwenye kituo cha mafuta, barabara kuu. Huko huenda kwa petroli yake mwenyewe, na ule ubure huwa umekwisha njiani. Asipowahi, mzigo hurudi Maskati. Duka husema aulizwe msafirishaji, msafirishaji husema liulizwe duka. Fedha huenda zikarejeshwa baada ya wiki kadhaa, lakini nguo ya mtoto ya Idi iliyorudi ghalani siku mbili kabla ya sikukuu hairejesheki kwa fedha.

Mji wa Sur unaijua dhamana ya mzigo tangu zamani. Majahazi yake yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakapanda na kusi yakiwa na boriti. Barua na zawadi za jamaa alikabidhiwa nahodha au baharia anayejulikana kwa jina na ukoo. Zilichukua miezi, na bahari ilimeza nyingine. Lakini zikipotea, palikuwa na mlango wa kwenda kuuliza, na nyuma ya mlango huo palikuwa na mtu wa kujibu.

Ndiyo maana hata sasa wapo wa Ibra na Nizwa wanaoandika anwani ya jamaa aliyeko Maskati, ambaye Alhamisi jioni, kazi zikifungwa, hurudi nyumbani na kifurushi ndani ya buti la gari.